Roketi ya Karatasi na Saa ya Maji ya Mama Makena

Mitunguu, Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na ndizi. Natumaini barua hii imekukuta umekaa mlangoni, goti limetulia, na Mama hajaficha ugoro wako. Mimi mwili ni mzima. Ningepiga simu, lakini wewe na simu mnajuana: milipuko ya mgodini ilikula masikio yako, na ukiongea na simu Wundanyi nzima inapata habari. Hili nataka ulisome peke yako kwanza.

Baba, wiki hii niliogopa kuliko siku yoyote tangu ile siku walipokuleta kutoka mgodini mkono umefungwa kwa shati. Nakutangulizia hivyo ili usinicheke nikikwambia kilichonitisha ni kitu cha karatasi.

Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye siku hizi yuko ng'ambo, alituletea boksi la roketi ndogo ya wanaoanza kujifunza. Ni bomba la karatasi ngumu, ncha ya plastiki, mapezi matatu ya mbao laini, na mwavuli mdogo unaofunguka juu ili ishuke polepole. Watoto wangu wa Gredi ya Nane waliiunda kwa siku nne. Waligandana vidole kwa gundi, wakabishana, wakaipaka rangi nyekundu. Nilifurahi nao mpaka nilipofungua pakiti ya mwisho. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vinene kidogo kuliko chaki. Nikanusa kimoja. Ni baruti, Baba, harufu ile ile ya koti lako. Nikakirudisha, nikanawa mikono mara mbili, na nikaanza kutafuta kisingizio cha kutoirusha. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshaitangaza paredini.

Roketi hii huwashwa kwa betri, watu wakiwa mbali, kwa waya mrefu. Mwisho wa waya kuna kidude chenye kitufe na ufunguo mdogo. Bila ufunguo, kitufe hakifanyi kazi. Ikikataa kuwaka, unachomoa ufunguo, unangoja dakika nzima, ndipo mtu asogee. Sheria hiyo sikuhitaji kuisoma. Naijua kwa vile vidole vyako viwili, vilivyokwenda siku uliposogelea utambi uliochelewa. Niliwafundisha watoto mpaka wakawa wanaiimba wakienda kunywa uji.

Tuliomba shamba la mzee jirani wa shule, lililokwisha kuvunwa mahindi, naye akakubali. Nikapanga iwe saa nne asubuhi. Hapo ndipo nilipokosea kama mgeni. Huku maji ya kunyunyizia hugawanywa kwa zamu. Kila mkulima ana siku yake na saa yake, na ikimpita anangoja wiki nyingine migomba ikimwangalia. Kwa hiyo haitoshi kuuliza shamba ni la nani. Unauliza pia maji ni ya nani saa hiyo. Hata Mutwiri, mwalimu mwenzangu wa kilimo, hakukumbuka, maana kwao ni Githongo, kwenye kahawa na mvua, na amehamia juzi tu. Tukasimika roketi hatua mbili kutoka koki ya mtu.

Tulihesabu kuanzia tano kurudi nyuma. Nikabonyeza. Kimya. Watoto wakaguna. Nikawaambia tungoje dakika yetu, nikakazia macho saa. Mutwiri akasema betri zimechoka, akachukua kidude mkononi mwangu aweke za tochi yake. Nikamwachia. Ufunguo ulikuwa bado umo ndani. Mimi, binti yako, sikuuchomoa.

Ndipo Mama Makena, mwenye migomba upande ule wa pili, akatokea na jembe begani. Nikampungia mkono arudi. Naye akanipungia, akidhani namsalimia.

"Mwalimu, saa yangu ya maji imefika," akasema bila kupunguza mwendo. "Na hiyo kitu yenu imekataa. Wacha niisongeshe kidogo nifungue koki."

Akainama. Uso wake ulikuwa juu kabisa ya ile ncha nyekundu.

Nilikimbia, Baba. Nilimshika leso nikamvuta, tukaanguka wote kwenye tope la ile koki inayovuja. Nyuma yetu Mutwiri alikuwa ameinamia betri zake, akidhani bado nimesimama kando yake. Akabonyeza, ajaribu tu. Nikasikia fyuu, na moshi ukatufunika. Roketi ilipita mahali uso wa yule mama ulipokuwa.

Watoto walipiga makofi. Wanasema ilipanda vizuri sana, mimi sikuiona. Mama Makena aliinuka, akajikung'uta, akasema, "Ningejua naoga leo, ningebeba sabuni," kisha akafungua maji yake. Mutwiri alikuja akaniwekea kidude mkononi. Ndipo nikauchomoa ufunguo, nimeshachelewa.

Sasa kila mtu anasema tulifaulu. Ijumaa mwalimu mkuu amewaalika wazazi na chifu waje waone nyingine ikiruka. Kesho nitamweleza ukweli wote, na Mama Makena pia, maana hajui alivyoponea. Saa ya maji nimeshauliza. Ufunguo nimeuvaa shingoni kwa uzi. Lakini sijui kama naweza kusimama pale tena.

Wewe ulirudi mgodini kidonda kikiwa bado kibichi. Mama alisema una kichwa kigumu, nasi watoto tukaamini huogopi kitu. Siku hizi nadhani uliogopa kila asubuhi, ukamaliza chai yako, ukaenda. Kama nimekosea, nisahihishe. Kama sijakosea, niambie ulifanyaje.

Nisalimie Mama, lakini ukimsomea ruka habari za baruti. Msalimie Bibi, umwambie dawa ya kifua nitatuma. Msalimie mdogo wangu Mkamburi na cherehani yake, na Mjomba fundi baiskeli, anayenidai barua tangu mwaka jana.

Barua hii anakuletea binamu Mwakio, anayepitia huko akipeleka ndizi Mombasa. Alhamisi anarudi huku kupakia. Mpe jibu, hata mstari mmoja. Ukiandika nisiende, siendi. Ukiandika niende, nitaenda, nikiogopa hivi hivi.

Binti yako,
Wakesho