Nguo ya Buluu Niliyoishona Mara Mbili

Butembo, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama Masika,

Nakuandikia kwenye ukurasa wa vipimo vyako. Nusu yake ya chini ilibaki tupu, na sina mteja mwingine wa kumpa. Unanijua: kila jioni naandika siku ilivyokwenda, tangu nilipomaliza shule. Ulikuwa unanicheka. "Kavira, wewe unaandikaka hata mvua?"

Hata mvua, Mama. Siku uliyokufa niliandika: Alhamisi. Mvua asubuhi, kisha jua. Mama Masika amekata roho hospitalini, saa nne na nusu. Na chini yake, kwa kalamu ileile: Mama Masika amekata utepe Beni, saa nne na nusu.

Sijafuta mstari wowote. Nataka nikueleze kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikiruka kitu nitaogopa kuendelea.

Uliponiletea kikwembe cha kwanza ulikuwa bado mama wa samaki. Kitambaa kilinuka tilapia wa Kyavinyonge, nikakianika siku mbili kabla ya kukikata. Mume wako alikuwa mwalimu, na shati lake la kufundishia lilikuwa moja. Wewe ndiye uliyepanda malori na vikapu, ukaanza kuleta vitambaa kutoka Kampala, kisha kutoka Dubai, ukajenga depo yako ya vitambaa ukiwa unasimama na mafundi matofali kwenye matope. Alipotaka kugombea ubunge, ni malori yako yaliyozunguka na picha zake. Akapata kiti, akaenda Kinshasa, na watu wakaanza kukuita Madame Honorable na kusema kwamba kila ulicho nacho ni cha Honorable. Hukuwajibu. Mimi uliniambia wakati nakupima mabega: "Kiti inapitaka, Kavira. Depo itabakia. Ile depo ni ya babinti yangu." Nimeandika maneno hayo. Yana tarehe.

Kisha gari lililokuwa mbele yako lilichomwa karibu na Maboya, kwenye barabara ya Beni. Wiki iliyofuata uliingia dukani na mdogo wako Kahambu, kutoka Vuhovi, mikono yake bado ina udongo wa shamba la maharagwe. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilisimama na mkasi mkononi nikitazama nyuso mbili. Ulivua miwani yako ya dhahabu, ukamvisha.

"Ushone mbili mbili," ulisema. "Sawasawa, hata vifungo. Mwenye ananiwinda akose kujua niko mu jeep gani."

Kahambu alikucheka, wewe dada yake. "Yaya, donc mimi njo nitakufa, na wewe utabakia na marobe?"

Tukacheka wote watatu. Kicheko hicho nimekiandika pia, na siku hizi nikikisoma hunipiga kifuani. Maana mimi ndiye niliyemshonea mdogo wako nguo ya kupigiwa risasi, nikapokea malipo na kushukuru.

Mlitofautiana kwa kitu kimoja tu: kiuno. Chake kilikuwa pungufu kwa vidole viwili. Nilishona kila vazi mara mbili, nikatia alama ya uzi mweupe ndani ya pindo la lake, ili tusichanganye. Alijifunza kupunga mkono kama wewe. Mwishowe wewe uliacha kwenda Beni. Yeye alipeleka sabuni kwa wazazi wapya, yeye alikaa kiti cha mbele kanisani, naye akarudi akikusimulia ulivyopokewa.

Jumatano ile presha ilikuangusha. Honorable alipiga simu kutoka Kinshasa: sherehe ya kukata utepe Beni isivunjwe. Kahambu akaondoka alfajiri ya Alhamisi na nguo ya buluu yenye ndege weupe, akijua una homa tu. Mimi nilibaki nawe hospitalini. Ulipoacha kupumua, muuguzi alifungua mfuko wako na nguo iliyokuwamo ilikuwa ile ile ya buluu, ya kwako. Nilikuwa nakufunga kifungo cha tatu simu yako ilipolia ikiwa na picha. Nikaifungua. Ulikuwa Beni, na mkasi mkononi, unacheka.

Niliangalia simu. Niliangalia kitanda. Nikaendelea kufunga vifungo kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

Tulikuzika na nguo hiyo. Akina mama wa parokia wakachapisha kikwembe cha matanga chenye picha yako, jina lako, siku uliyozaliwa na siku uliyokufa. Wiki ile Butembo ilijaa wewe. Ulikuwa sokoni, ukapanda pikipiki, ukambeba mtoto wa jirani mgongoni. Mimi nilinunua kipande changu nikakiweka kabatini, sikuweza kukikata.

Lakini Beni hawakukuzika. Kule watu walikuwa wamekuona saa ile ile, kwa macho yao, umesimama juani. Wakasema Butembo wamezika sanduku tupu, mambo ya siasa. Mama mmoja anayeleta mchicha kutoka Beni aliniambia, "Acha uongo, Kavira. Madame alinishika mukono, ilikuwa moto."

Honorable alirudi, akambakisha Kahambu nyumbani, eti awaangalie wasichana wako hadi wafungue shule. Wasichana wakarudi shuleni Bunia. Kahambu hakurudi Vuhovi. Kwanza miwani yako ilimuumiza kichwa. Baadaye akaacha kulalamika. Siku moja mpishi aliita "Mama Masika!" kwa kusahau, na aliyegeuka ni yeye. Akaanza kukohoa vile ulivyokuwa unakohoa kabla ya kusema jambo, mara mbili, kidogo, kama mtu anayebisha mlango.

Jumanne ya wiki ya sita tangu tukuzike alikuja nimpime. Nilipitisha futi kiunoni, nikasoma. Nikapima tena. Nikatoa futi nyingine, mpya, nikapima mara ya tatu. Vidole viwili havikuwepo. Ilikuwa namba yako, hii hapa juu ya ukurasa huu. Najua, kwako kulikuwa na nyama na mkate kila siku, na mtu hunenepa. Nilijiambia hivyo hadi akakohoa.

Kesho yake Honorable mwenyewe alikuja, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu wa kawaida.

"Kavira, ile robe ya bleu ya Kahambu, uipanue kidogo. Siku ya Ijumaa tunaenda Beni."

Alinieleza kila kitu, kama vile fundi hana masikio, au kama vile alitaka mtu amkatalie. Amepata mnunuzi wa depo. Karatasi ziko kwa jina lako peke yako. Kifo chako hakijaandikishwa popote. Beni kuna afisa mpya wa hati, ametumwa kutoka Kasai, ana wiki mbili tu, hamjui mtu. Kahambu ataketi mbele yake na miwani, atasaini.

"Honorable," nikasema, "Mama alikufa."

Alinitazama bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha. "Hapa alikufa. Kule Beni hajakufa, Kavira. Batu balimuona. Asaini tu, kiisha tumuache apumuzike."

Sikujua anamsema nani kati yenu.

Nilipompima Kahambu ile nguo, alisimama wima mbele ya kioo kwa muda mrefu. Nilikuwa na pini mdomoni. Akasema polepole, "Kavira, nikisaini jina yake, yangu itabakia na nani?"

Nilizitoa pini mdomoni moja moja. Nikazichoma zote kwenye pindo lake.

Nguo niliipanua. Kazi ni kazi, na nilimwogopa Honorable. Lakini Alhamisi nilifunga duka mchana, nikatoa kabatini kile kikwembe chako cha matanga. Unajua kikwembe cha picha kinavyosumbua: fundi mbaya hukata uso kwenye mshono, ukapata marehemu mwenye jicho kwapani. Nilikigeuza na kukigeuza juu ya meza hadi uso wako ukakaa mzima katikati ya kifua, na chini yake jina, na siku ya kuzaliwa, na siku ya kufa, bila herufi moja kuliwa na pindo. Uliniangalia muda wote niliokuwa nashona. Sisemi kwa mfano. Kila nilipoinua mguu kwenye cherehani nilijikuta nimeinua macho.

Ijumaa Honorable alitaka niende nao, nimfunge Kahambu kitambaa cha kichwa vile ulivyokuwa unafunga. Nilivaa sweta juu, nikafunga hadi shingoni. Butembo ni baridi, hakuna aliyeuliza.

Njiani nilimfunga Kahambu kitambaa cha kichwa. Tulipofika Honorable alibaki ndani ya jeep, ili jambo lisionekane la siasa. Tuliingia sisi wawili. Afisa alikuwa kijana, Biblia pembeni ya karatasi zake, mwandiko mzuri sana. Akauliza jina kamili. Kahambu akakohoa mara mbili, akalitaja la kwako. Kijana akaliandika. Akauliza siku ya kuzaliwa, akaijibu ya kwako. Kijana akaandika.

Beni ni joto. Nikavua sweta.

Aliinua kichwa anipe kalamu nimpitishie Kahambu, na kalamu ikabaki hewani. Alisoma kifua changu kama mtu anayesoma tangazo. Jina. Siku ya kuzaliwa. Akashuka hadi mstari wa mwisho. Akatazama miwani iliyochapishwa kwenye kitambaa, kisha miwani iliyokuwa mbele yake.

"Mais, mama... huyu ni nani?"

"Ni Mama Masika, mwenye depo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Tulimuzika Butembo."

Kijana alisukuma kiti nyuma hadi kikagonga ukuta. Mkono wake ulikwenda juu ya Biblia, ukabaki hapo. Hakumtazama tena Kahambu usoni. Alitazama mikono yake juu ya meza, kama anayetaka kuhakikisha ina vivuli.

"Na wewe, mama," alisema, "wewe ni nani?"

Mama, nikukirie: niliogopa kwamba utajibu wewe. Kahambu alikohoa, mara moja, mara mbili, na mdomo ukafunguka, na kwa kitambo hicho sikujua ni sauti gani itakayotoka. Kisha aliinua mikono miwili, akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi.

"Miye ni Kahambu," alisema. "Natoka Vuhovi. Niko mulimaji wa maharagi."

Akalirudia jina lake mara tatu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza tena.

Kijana alichana ile karatasi aliyoiandika. Akasema aje mwenye haki, na karatasi ya kifo, na watoto wa marehemu. Alitusindikiza hadi mlangoni lakini hakuvuka kizingiti.

Honorable alishusha kioo. Alikuona kifuani pangu na akaelewa kabla sijafungua mdomo. Nilingoja matusi. Hakuniambia mimi neno, alikuambia wewe, kwenye kitambaa: "Masika, hata umekufa, hauniachaka?" Kisha kioo kikapanda, jeep ikaondoka, ikatuacha na vumbi lake.

Tulirudi na basi la abiria, kwenye barabara ile ile uliyoikwepa. Kahambu alivaa sweta langu juu ya ndege weupe. Kwenye kizuizi, askari mmoja alichungulia ndani, akasimama wima, akasalimu. "Mama Honorable, mbote!"

"Si yeye," akasema Kahambu. "Yeye alikufa." Na hapo ndipo alipokulilia, Mama, kwa mara ya kwanza. Siku ya mazishi hakuwa amelia. Alikuwa anaulizwa na kila mtu kama ni wewe.

Mambo yako sasa yako hivi. Kaka yako aliandikisha kifo. Wasichana walikuja kutoka Bunia wakasaini wenyewe, na mkubwa ana ufunguo wa depo shingoni kwa kamba. Honorable amepeleka suti zake kwa fundi mwingine. Ananisalimia kanisani kwa kichwa tu. Sina kinyongo naye, ila nikimwona nafunga sweta.

Kahambu yuko Vuhovi. Alikuja wiki iliyopita na kikwembe cha njano, rangi ambayo usingeivaa hata kwa kulazimishwa. "Ushone moja tu," alisema. Nikapima kiuno. Kidole kimoja kimerudi. Kimoja bado. Akakohoa alipokuwa anatoka, na sote wawili tukajifanya hatukusikia.

Nguo yake ya buluu aliniachia. Nimeifumua yote, uzi kwa uzi, hadi ule mweupe wa alama. Vipande vilikuwa juu ya meza yangu jana asubuhi, alipopita yule mama wa mchicha wa Beni.

"Umusalimie Madame," akasema. "Nilimuona jana mu soko ya Beni. Alipendeza na ile robe ya bleu."

Nilitazama vipande vyangu. Vilikuwepo vyote, nilivihesabu. Basi nguo nzima iliyobaki duniani ni moja, na najua iko wapi, kwa sababu niliifunga vifungo mwenyewe.

Mama, kama ni wewe uliyekwenda kutembea, sikulaumu. Nilikuzoesha kuwa mahali pawili. Lakini sasa rudi ulale. Depo iko kwa wasichana, na mdogo wako anahitaji kidole chake cha mwisho. Nakuahidi sitamshona mtu mara mbili tena, hata akija mke wa rais na jeep kumi. Ukurasa wako naufunga leo. Na hiyo uliyovaa usiwe na wasiwasi nayo: niliishona kwa uzi wa nguvu, kwa mikono yangu, haitafumuka. Ukae nayo hapo ulipo.

Fundi wako,
Kavira