Uzi Niliomfunga Mwalimu Mgeni

Mpendwa Bi Urmila,

Naomba msaada wako katika safu yako ya ushauri gazetini, ingawa kwa umri mimi ndiye ningepaswa kukushauri wewe. Nina miaka themanini na miwili, nilifundisha hesabu katika shule ya wasichana ya mji wetu kwa miaka thelathini na minne, na daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba moyo wangu hautavuka majira ya baridi. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni bahasha iliyo mezani, imeshaandikwa anwani, inanisubiri niamue cha kutia ndani kabla ya sikukuu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na minane, sijaolewa, nikiishi kwa kaka yangu Hariprasad na mkewe Ramkali, alikuja shuleni kwetu mwalimu wa kujitolea kutoka Wales kufundisha Kiingereza, jina lake Gwilym, mrefu, mwenye masikio mekundu, na wasichana walimwita Bwana Gilim wakaishia hapo. Sijapata kumwona mtu mpweke kama yule. Jioni alikaa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni akisahihisha madaftari aliyokwisha kuyasahihisha. Ijumaa moja akaniomba nimtembeze mjini Jumamosi na Jumapili, maana miezi mitatu, alisema, amekuwa akipita kama kipofu, hawezi kusoma hata kibao cha duka. Nikakubali, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliupata wapi, kwa sababu katika mji ule mwanamke asiye na mume hakuongozana na mwanamume hata kwenda kununua chumvi.

Jumamosi tukatembea, hatua tatu kati yetu, mimi na mwavuli wangu na yeye na wake, mtaa wa wapaka rangi nguo, soko la mbegu, ngazi za mtoni ambako maji ya mvua yalikuwa yameshameza nusu ya vidato. Kila kitu alikigusa na kuuliza jina lake. Muuza tambuu akapaza sauti kibandani: "Mwalimu! Huo mwanzi umeuotesha lini?" Mke wa fundi cherehani akadakia: "Mwacheni anaupima urefu, kwani si mwalimu wa hesabu?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, na Gwilym aliponiuliza wanasema nini nikamwambia wanasema mvua itanyesha.

Ikanyesha kweli, tukiwa juu ngomeni. Tulijibanza chini ya tao la lango na mahindi yetu ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, machozi yakimtiririka kwa ukali naye anakataa kuyaacha, na hakukuwa na mtu mwingine ila mbuzi wawili. Akasema, "Kesho asubuhi nitakuja kwenu. Nina jambo la kumwomba kaka yako." Kisha akanitazama. "Nije?"

Nikasema, "Njoo."

Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya rakhi. Unajua kama ninavyojua: mwanamume akishafungwa uzi ule mkononi na mwanamke, amekuwa kaka yake, na hakuna posa tena kati yao mpaka kuni za mwisho za kuchomea maiti. Asubuhi, nikiwa natayarisha sinia la nyuzi kwa ajili ya Hariprasad, Ramkali akanipitia mbio kuelekea jikoni akasema, "Mji mzima unatafuna jina lako kama njugu, wifi. Leo lazima liishe." Saa tatu Gwilym akaingia, nywele zimechanwa na maji, shati refu la kurta, jeupe, limemfupia mikono, na boksi la peremende kifuani. Hakuwahi kukaa. Nilichukua uzi wa pili kwenye sinia nikamfunga, nikamtia alama nyekundu kwenye paji la uso. Kaka yangu akapiga makofi: "Haya, leo tumeongezewa ndugu!"

Gwilym aliutazama mkono wake. Wasichana wa darasani walikuwa wamemweleza maana yake wiki nzima. Akasema polepole, "Asante, dada."

Bi Urmila, maisha yangu yote nimewaambia wenzangu kwamba wifi yangu alinilazimisha. Si kweli. Gwilym alipokwisha kuondoka, Ramkali alitoka jikoni akifuta mikono, akaona alama nyekundu kidoleni mwangu, akaketi palepale sakafuni. "Kusum, umefanya nini? Unadhani mikate yote hii nilikuwa namkaangia nani? Mimi nilitaka uolewe, mwanangu. Kaka yako ningemlainisha mwenyewe." Hakuna aliyenishika mkono. Niliogopa tu. Nilimwogopa muuza tambuu.

Aliondoka mwisho wa mwaka. Tangu hapo, kila mwaka, hata mwaka niliovunjika nyonga, nimempelekea uzi kwa posta, na yeye amenijibu kwa barua na shali, kama kaka anavyopaswa. Hakuoa. Ramkali na Hariprasad wameshafariki, ninaishi chumba cha juu kwa mtoto wao, mkewe ananiletea chakula na kushuka haraka kwa kuwa ana shughuli, na katika mji huu hakuna tena anayeniita kwa jina langu. Wote ni "shangazi". Jina langu linakaa katika barua zake tu. Mwezi uliopita ameandika, kwa herufi kubwa maana macho yanamwacha: "Kusum, majirani huniuliza kama nina jamaa. Huwaonyesha mkono wangu. Mengi yamenipita maishani, lakini moja nina hakika nalo. Nina dada."

Sasa nifanye nini? Nikimwambia kweli namnyang'anya kitu pekee alicho na hakika nacho. Nikinyamaza, naondoka nikiwa mwongo, naye atakufa akiamini kwamba siku ile hakutakiwa.

Usifiche jina langu. Sitakuwapo muda wa kutosha kuona haya.

Kusumlata, mwalimu mstaafu

*

Mwalimu Kusumlata,

Pole sana. Nimeisoma barua yako chai ikiwa mkononi, ikapoa. Sasa nisikilize, maana pole yangu inaishia hapo.

Woga wa siku ile nakusamehe. Midomo ya mji mdogo imewakimbiza wanaume wenye bunduki, sembuse msichana mwenye mwavuli. Nisichokusamehe ni Ramkali. Mwanamke amesimama kwenye moto anakaanga mikate ya posa yako, nawe umemsingizia mpaka amekuwa majivu! Huyo mke wa mpwa wako akipandisha chakula leo, mshike mkono kabla hajashuka, umweleze mama mkwe wake alikuwa mtu wa namna gani. Hilo halihitaji stempu. Na huenda siku hiyo akakaa kidogo.

Tuje kwa Gwilym. Unasema ukweli utamnyang'anya dada. Nani kakudanganya? Uzi wa kwanza uliufunga kwa woga, sawa. Wa pili je? Wa ishirini? Ule uliotuma ukiwa kitandani na nyonga imevunjika, ulikuwa unamwogopa nani? Mtu haogopi miaka hamsini na minne mfululizo. Udada huo umeufuma wewe mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na ni wa kweli kuliko wa wengi waliozaliwa tumbo moja. Karatasi moja haiwezi kuufuta.

Lakini mtu huyo alichana nywele zake, akaja mlangoni kwenu kwa sababu wewe ulimwambia njoo. Tangu siku ile anadhani aliusoma vibaya uso wako. Hakuusoma vibaya. Kulijua hilo ni haki yake, wala huna ruhusa ya kuondoka nalo. Na usiniambie tena kwamba unamhurumia yeye. Unaihurumia aibu yako, tena umeilea vizuri sana, imenenepa.

Fanya hivi. Uzi wa mwaka huu utie kwenye bahasha kama kawaida, uwe juu, auone kwanza. Chini yake weka ukurasa mmoja, usizidi. Andika herufi kubwa na wino mweusi ili asome mwenyewe, asije akaitwa jirani kumsomea. Mwambie kwamba uliposema "njoo" ulimaanisha njoo. Mwambie kwamba mkono uliofunga uzi ulikuwa wako peke yako, na kwamba kilichokutuma ni woga, si kumkataa. Usiandike "laiti" hata mara moja. Habari za daktari ziwe mstari wa mwisho, la sivyo ataujibu ugonjwa badala ya kukujibu wewe. Kisha tia sahihi yako kwa jina, si "dada". Uzi umeshalisema hilo.

Huenda atakasirika, ana haki. Huenda jibu lake likafika chumba chako kikiwa kimeshafagiliwa. Siwezi kukuficha hilo, wewe si mtoto. Ila kwa miaka niliyokaa na barua za watu nimejifunza kwamba upweke wa anayesubiri jibu ni mwepesi, una masikio, husikia hatua za mtu ngazini. Upweke wa anayeficha hausikii kitu.

Posta hufungwa saa kumi. Andika sasa.

Bi Urmila