Mihogo ya Siku Moja

Jumatano, saa kumi jioni. Mvua imekatika sasa hivi, ziwa limekuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Mimi nimekaa mlangoni na daftari hili magotini. Mvua haijanikosea kitu. Mtu ndiye amenikosea.

Nitaandika polepole. Masista walinifundisha miaka miwili tu, na nikiwa na hasira navunja ncha ya kalamu.

Mimi ndiye mkubwa wa jikoni gerezani. Wanawake wanaotwanga na kupika wako chini yangu, funguo za ghala ziko kiunoni kwangu. Zilikuwa kiunoni kwangu.

Mihogo tunayoletewa ni michungu, ile ya bonde la Ruzizi. Nailoweka kwenye mapipa siku nne, ndipo naianika siku tatu na kuitwanga unga. Inavunda, inanuka mpaka barabarani, wapita njia wanaziba pua. Wazibe! Bila harufu hiyo sumu haitoki. Mihogo isiyovunda inazungusha kichwa, inatapisha, na nilishaona mwanamume mzima miguu yake imekufa kwa sababu yake. Jambo hilo hata mtoto wa miaka sita analijua.

Na kwangu iko desturi moja. Kila mchana, kabla ya sahani ya kwanza, nakata bonge la ugali mbele ya wafungwa, nalichovya kwenye maharagi, nakula wakinitazama mdomo. Nilianza zamani, walipoogopa kwamba serikali itawawekea sumu, wakakataa chakula siku mbili. Siku ya tatu nikala mbele yao. Tangu hapo, mimi wanayeniita Bibi nikimeza, wote wanakula.

Alhamisi iliyopita niliweka mihogo majini kwa mikono yangu. Ijumaa asubuhi nikaenda Runingu kumzika mdogo wangu. Funguo nikamwachia Anjelina.

Anjelina ni nani? Ni mwanamke aliyefukuzwa na mume wake huko Bwegera, akanijia na mtoto mgongoni na ndoo moja. Nikampa mkeka, nikampa kazi jikoni, nikawa mama wa ubatizo wa mtoto wake. Miaka tisa ananiita dada mukubwa.

Leo nimerudi jua likiwa limepanda, ugali tayari unasongwa. Nikakuta mapipa matupu, yamesuguliwa, yananukia sabuni. Nikafurahi. Mjinga mimi! Nikamwambia, "Anjelina, weye sasa umekuwa mwanamke wa jikoni." Akainama kama anatafuta kitu chini.

Sikuhesabu siku: mihogo ya Alhamisi ingetoka majini Jumatatu, leo ingekuwa bado juani. Kosa hilo ni langu, naliandika hapa.

Mstari ukapangwa. Nikakata bonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Uchungu ukanishika ulimi mpaka masikioni. Wanaume wote wananitazama, sahani mkononi. Nikimeza, watakula. Nikitema, miaka yangu yote inamwagika pale chini.

Nimetema.

"Musile!" nikapiga kelele. "Hata mumoja asile!"

Sahani zikaanza kugongwa ukutani. Yuko mzee mmoja wa Sange, amefungwa kwa kupika pombe kali, kila siku tunatukanana kwa mapenzi: yeye ananiita mwiko mkavu, mimi namwita chupa tupu. Leo hakunitania. Alisogea karibu akaniangalia, akasema taratibu, "Bibi, hata weye?"

Mlinzi mkuu akaja mbio, kofia mkononi. Akauliza, wote wakisikia, nani alitoa mihogo majini. Mimi nikamngoja Anjelina ajitaje, nimtetee kama ninavyomtetea siku zote.

Anjelina akasema, "Ni dada mukubwa. Kabla ya kwenda aliniambia siku moja inatosha."

Hakunitazama. Aliutazama mwiko.

Mlinzi mkuu hakuuliza tena. Akaamuru nitoe funguo. Kuanzia kesho Anjelina ndiye mkubwa wa jikoni, mimi nitachambua maharagi. Nilishangaa jinsi alivyokata shauri haraka, mtu ambaye kuamua rangi ya mlango kulimchukua mwezi.

Nyuma ya kuni Anjelina akanishika kitenge, analia. "Dada, unisamehe. Ni mlinzi mkuu aliniamuru. Mzungu wa serikali alikuwa anakuja Jumamosi kukagua, akasema harufu iondoke. Ningemtaja angenifukuza. Weye uko na watoto, watakulisha. Miye nitaenda wapi?"

Nikamwambia, "Na ile mara ya kwanza ulienda wapi?"

Nikautoa mkono wake kwenye nguo yangu, kidole kimoja kimoja.

Mlinzi mkuu simshangai, yule anaogopa wazungu kuliko Mungu. Lakini Anjelina! Amekula kwenye sahani yangu, anajua ninavyokoroma. Alichagua nani wa kumtupa, akanichagua mimi kwa kuwa najulikana kuwa na moyo wa huruma.

Unga ule nimeumwaga wote chooni, kwa mikono yangu, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Mihogo mipya nimeiloweka kabla sijatoka. Anjelina nimemwambia mbele ya wanawake wote: ukiigusa kabla ya Jumapili, nitakutwanga weye. Mpaka unga mpya upatikane watapika mchele.

Binti yangu anasema niache, nikae nyumbani, nilee wajukuu. Nikae nyumbani ili waseme Bibi alikimbia? Thubutu.

Kesho nitaenda. Nitachambua maharagi yao. Anjelina ataonja mbele ya mstari na hakuna atakayemtazama yeye, watanitafuta mimi kwa macho. Basi nitachukua sahani yangu kwenye sufuria lile lile, nitakaa chini karibu na yule mzee wa Sange, nitakula.

Mzee akila na yeye, funguo na zikae huko zilipo.

Asipokula, nitalia pale pale mbele ya watu, mimi ambaye kule Runingu kaburini sikulia.