Bondeni Kumefunikwa

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumanne, mchana.

Mpendwa mpwa wangu Kasuku,

Nakusalimu kutoka kitandani. U hali gani, mwanangu? Baba watoto hajambo na mgongo wake? Na hao wajukuu zangu ninaowajua kwa picha tu, wanakula vizuri, wanaitika unapowaita? Naomba nyote muwe wazima, na baridi ya huko iwe imekuhurumia, maana wewe tangu utotoni ukisikia upepo tu ulikuwa unatafuta mgongo wa mama yako.

Ukiniuliza hali nitajibu sijambo, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa kujibu hata mguu mmoja ukiwa kaburini. Ukweli ni kwamba miguu imevimba na pumzi inakuja kwa mafungu. Muuguzi anayenitembelea alinikataza kuandika, akasema nipumzike. Nikamwambia nitapumzika sana karibuni, aniachie kalamu. Alicheka, kisha akageuka kutazama dirishani kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe. Hapo nikajua daktari amekwisha kumwambia.

Jirani yetu fundi cherehani amenunua mashine ya umeme, sasa usingizi wa mchana nausikia kwa watu. Mama Ghala yu hai. Meno yamebaki mawili lakini ulimi ni uleule. Juzi alikuja kunijulia hali, akanitazama kitandani na kusema kwamba hatimaye nimepata kazi ninayoiweza.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Nataka kukueleza habari ya mama yako na ya kaka yako Taratibu, na ya neno moja lililoniponyoka mimi. Wakati wa mafuriko wewe ulikuwa chuoni, mbali. Yote uliyoyajua uliyakuta matangani, na matangani mimi nilikuwa nimeshayapanga. Kwa hiyo nitaanza mwanzo. Nivumilie.

Mto ulipovunja kingo, mashirika ya misaada yalikuja kama nzige. Wengine walivaa vizibao vya buluu, wengine vya rangi ya chungwa, wengine walikuja na suti. Kila shirika lilikuwa na malori yake, mahema yake na bendera yake, na yote yalikimbilia kambi ileile iliyo kando ya lami, kwa sababu ndiko gari lilikofika na ndiko kamera ilikopiga picha nzuri. Kule kambini mtu mmoja alipewa ndoo tatu na hana maji ya kutia. Ndani kabisa, ambako barabara ni tope, akina mama wajawazito walilala chini ya magunia.

Ndipo wakatafuta mtu wa kuwaratibu. Walinichagua mimi, mwalimu mkuu mstaafu, kwa kuwa nilijua wilaya nzima na nilijua kuwanyamazisha watu kikaoni. Tulikutana kila asubuhi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima na vitambulisho vyao shingoni, magoti yamegusa videvu kwa ajili ya madawati ya watoto. Ukutani nilitundika ramani. Shirika likikubali kupeleka turubai, mablanketi na sufuria mahali fulani, nilichomeka pini ya kijani pale, nikatangaza kwamba mahali hapo *pamefunikwa*. Pakishafunikwa, ilikuwa marufuku lori la shirika jingine kwenda, ili lisije likarundika vitu penye vitu.

Neno hilo nililitunga mimi. Nililipenda, Kasuku. Watu walikuwa wanahangaika na maneno marefu ya kwenye ripoti, nami nikawapa neno moja linaloeleweka: turubai inafunika, shirika nalo linafunika. Baada ya wiki moja kila mwenye kizibao alikuwa analitumia. Mama Ghala peke yake, aliyeshika funguo za ghala letu, ndiye aliyekataa kulizoea. Siku moja alisimama mlangoni mwa darasa, maji yakimtiririka kwenye mwavuli, akasema mbele ya wote:

"Mwalimu, wewe unafunika kwa mdomo. Watu wanalowa."

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka.

Kaka yako alikuwa dereva wa vizibao vya buluu. Unajua alivyopata jina la Taratibu: gari lake lilikuwa likipitwa na baiskeli zilizobeba mkaa. Lakini ndiye pekee ambaye hakuwahi kukwama kwenye tope, kwa hiyo tulimtuma mbele kuangalia njia na kuleta habari kwa redio ya gari. Yeye hakuwa mtu wa vikao. Alilala garini, aliondoka kabla sisi hatujaamka. Neno langu la darasani hakuna aliyemfundisha, na sikuona sababu ya kumfundisha dereva.

Asubuhi ile alikwenda kutazama bondeni kwa mama yako. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na moyo wangu haukuwa mahali pake, kwa kuwa dada yangu huyo unamjua: hata umwambie maji yanakuja, atakuuliza kwanza kuku wake watabaki na nani. Nilisimama karibu na redio. Ikakoroma, kisha sauti ya Taratibu ikaja, safi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Bondeni kumefunikwa, mjomba. Kumefunikwa kote, hata mapaa siyaoni."

Sasa sikiliza nilichosikia mimi. Nilisikia kwamba shirika fulani limenitangulia. Nilisikia kwamba turubai zimetandazwa juu ya nyumba zote, moja kando ya nyingine, mpaka mapaa hayaonekani. Niliziona akilini, nyekundu na za buluu, na dada yangu chini yake anawafokea kuku. Nikamjibu kaka yako: vizuri sana, nenda kijiji kinachofuata. Nikachomeka pini ya kijani. Nikaomba chai.

Taratibu alishangazwa na ile "vizuri sana", lakini alidhani ni vizuri ya kupokea habari. Mbele yake yalikuwa maji tu, barabara imekatika, na hakuwa na mtumbwi. Alijiambia kwamba mjomba amesikia, mjomba ana mitumbwi, na mjomba hawezi kumtupa dada yake wa tumbo moja. Akageuza gari, akaenda alikoambiwa.

Saa ileile wenye vizibao vya chungwa walikuwa na malori yamepakia turubai, injini zinanguruma uwanjani. Kiongozi wao aliniuliza waende wapi, akataja bondeni kwanza. Nikamwambia bondeni kumeshafunikwa. Akafurahi, kwa sababu njia ya huko ni mbaya. Malori yakaenda kambi ya kando ya lami.

Waliookoka bondeni walikuwa wamepanda kilima cha machimbo ya mawe. Huko hakuna mti wala pango. Walikaa kwenye mvua, siku ikapita, na nyingine, na nyingine, wakitazama barabara ya ng'ambo ambako malori yalipita bila kukata kona. Mama yako aliwapa wengine khanga zake wafunike watoto. Kifua kikambana. Mwanamke aliyekuwa amemshika amenieleza, na sijawahi kumwambia mtu, kwamba mpaka mwisho alikuwa akiwatuliza wenzake: msihofu, anayegawa mahema ni kaka yangu.

Nimeacha kuandika tangu jana. Sasa ni Jumatano. Naendelea.

Tuliyoyakuta kilimani unayajua. Mashirika yakataka kujua kosa ni la nani, viongozi wao wakakaa katika darasa lilelile. Kaka yako aliitwa, akasimama mbele ya ubao na kofia mkononi, akaulizwa alisema nini. Akasema alisema kumefunikwa. Niliona watu wakitazamana. Kwao neno hilo lilikuwa na maana moja tu, ile niliyowapa mimi. Taratibu akaona hawamwelewi, akaongeza kwamba alisema pia kuwa mapaa hayaonekani. Mwenyekiti akanigeukia na kuniuliza kama nilisikia habari ya mapaa. Ningesema ndiyo, kaka yako angepona, kwa sababu hata mjinga angeuliza: mratibu, turubai gani hiyo ya kufunika hata paa la shule ya bondeni?

Nikasema redio ilikwaruza. Nikasema niliishia kusikia kumefunikwa.

Haikukwaruza, Kasuku. Nilisikia kila silabi.

Usinitafutie udhuru. Usiseme mjomba alikuwa amechoka. Mimi mwenyewe nilijisemea kwamba nikianguka mimi uratibu utaanguka, na watu bado wako mvuani. Si kweli. Baada yangu walimweka binti mmoja akafanya kazi nzuri kuliko yangu. Niliogopa macho yako. Nilijua uko njiani unakuja kuzika, nikaona heri uje umkute mkosaji mwingine.

Ukamkuta. Matangani, mbele ya wanawake wote, ulimwambia kaka yako, "Kusema tu kwamba mama anazama kumekushinda?" Nilikuwa nimekaa mkekani, hatua chache kutoka kwenu, na ulipomaliza kumwambia hivyo ulikuja kuniwekea mto mgongoni, ukaniambia: pumua, mjomba, umefanya kazi kubwa. Nikauegemea ule mto.

Kaka yako alifukuzwa kazi. Hakuna shirika lililomwajiri tena. Amekuwa akitengeneza magari ya watu uani kwake miaka yote hii, na ni yeye aliyekuwa akija kila asubuhi kuniogesha, kuninyoa na kunigeuza kitandani, kwa kuwa mimi sikuzaa. Mara kwa mara, akininyoa, alikuwa akiniambia kama mtu anayejisemea: mjomba, ile redio, labda nilikiachia kitufe mapema. Labda ningesogea pale penye mwinuko ingeshika vizuri. Labda ningesema kumezama. Nami nilikuwa nafumba macho kwa ajili ya povu.

Ijumaa iliyopita alilianza tena, la kitufe. Nikamshika mkono wenye wembe, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja.

"Mapaa uliyasikia?"

Nikasema niliyasikia.

"Basi redio ilikuwa nzima," akasema.

Akanyoa upande uliobaki, polepole, hakunikwaruza hata kidogo. Akanipangusa kwa kitambaa cha maji ya moto. Akaosha wembe, akaukausha, akatoka na kufunga mlango kwa utaratibu. Tangu siku hiyo hajarudi. Mkewe ndiye anayeniletea chakula, ananitazama kwa adabu kama mgeni. Anasema mumewe anakaa uani chini ya gari la mtu, hafungui wala hafungi nati, na akiitwa kula anasema anakuja.

Najua ninachostahili, na sikuomba arudi. Ndevu zitaota, hazitanisumbua kwa muda mrefu. Lakini simwachi hivi. Mtu aliyejilaumu nusu ya maisha yake, ukimwambia ghafla kwamba hakukosa, hapati nafuu. Anaanza kuhesabu alichopoteza. Na kikubwa alichopoteza si ile kazi. Ni wewe. Ulipopanda ndege hukumuaga, na barua zako zote zimekuja kwangu. Alikuwa akiziona juu ya meza hii. Hakuwahi kuomba kuzisoma, ila alikuwa anauliza, huku akinifunga vifungo vya shati, kama Kasuku na watoto hawajambo. Nikijibu hawajambo, anaitikia Alhamdulillahi, anaendelea na vifungo.

Maneno yale ya matangani mimi siwezi kuyafuta. Nilikupa mimi sababu ya kuyasema, lakini yalitoka kinywani mwako, na yeye anayasikia kwa sauti yako. Sina dawa ya hilo. Wewe unayo.

Nisalimie baba watoto, umwambie ile tochi aliyonitumia bado inawaka. Wabusu wajukuu, hasa yule mdogo anayefanana na bibi yake kwenye paji la uso. Mama Ghala anakusalimu. Yeye nitamwambia kesho, na najua atakachosema, nami nimejiandaa kukisikia. Mke wa kaka yako hakutuma salamu, ila aliposikia ninakuandikia alisimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mungu akuwekee mkono begani, akupe watoto wanaosema kweli wakiwa bado na nguvu ya kusimama.

Barua hii muuguzi ataipeleka posta kesho. Nyuma ya bahasha nimeandika namba ya simu ya kaka yako. Ukishaisoma utataka kunipigia mimi, iwe ni kunitukana au kunililia. Usinipigie. Pumzi zangu ni chache, na hata zingekuwa nyingi, sizo unazodaiwa kuzisikia. Mpigie Taratibu. Hatapokea mara ya kwanza, mikono yake ina grisi. Piga tena.

Mimi niliyekupenda hata nilipokudanganya,

Mjomba wako.