Esanse ya Kupandia Lemera

Baba yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja: neno lolote la humu lisitoke kinywani mwako. Usimsomee Mama kwa sauti, wala usimpe mdogo wangu akusomee, hata kama miwani yako bado imefungwa kwa uzi. Ukishaelewa, itie barua hii motoni. Kwenu watasema imetoka kwa adui. Huku watasema nina baba anayeendesha gari la waasi. Mimi ni karani tu, Baba, na ninaogopa.

Sasa hamjambo? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mvua imeshaanza hapo Kilibula? Mimi ni mzima. Niko Bujumbura, ambayo najua wewe utaendelea kuiita Usumbura, kwenye depo ya mafuta karibu na bandari. Kazi ni ile ile niliyoifanya Uvira kabla mji haujachukuliwa na waasi: kupokea mapipa, kuyapanga, na kumpa kila shofere esanse inayolifaa gari lake. Chakula kipo, ila majani ya sombe ya hapa hayajui mkono wa Mama. Asubuhi mawingu yakiinuka, naiona milima yetu ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa, kama kitu ambacho ningeweza kunyoosha mkono nikakishika. Siku hizo sifanyi kazi vizuri.

Juzi Mama Zaina, jirani yetu muuza mawese, alivuka akanitafuta hapa kazini. Aliongea huku akitazama pembeni, kama mtu anayengoja mwingine.

"Baba yako iko muzima," alisema. "Lakini wamemupa motokari ya mukubwa wao aendeshe, ile nyeusi ya Muzungu wa pamba. Ikipanda kidogo tu, inagonga ndani kama mawe mu kopo. Mukubwa amemwambia: 'Muzee, weye unaua gari yangu. Kisha siku ya soko tutapanda mulima wa Lemera. Ikigonga tena, nitajua weye uko upande gani.'"

"Baba alijibu nini?"

"Alisema, 'Mukubwa, gari haina chama.' Watu wakacheka. Mukubwa hakucheka."

Nilimuuliza wanaitilia esanse gani.

"Ordineri. Super wanapatia kamyo ya askari. Wanasema gari kubwa ikule chakula kikubwa, motokari inabeba muntu mumoja tu." Hapo akacheka kidogo. "Na muganga wao alitaka kumimina maji ya dawa mu tanki. Baba yako akamwambia, 'Heri umwagie magurudumu, ndiyo yanatangulia ku vita.' Muganga akasema muzee huyu iko na akili."

Baba, nilipomwona Mama Zaina akicheka na mimi nilicheka, lakini alipoondoka tu nilichukua kalamu. Maana mara hii akili peke yake haitoshi. Sikiliza vizuri.

Watu wengi hudhani esanse yenye nambari kubwa, kama super, ndiyo yenye nguvu nyingi. Sivyo. Nambari ile inaonyesha uvumilivu wake. Ndani ya motere, esanse na hewa hubanwa pamoja kabla cheche haijaruka. Kamyo ya zamani haibani sana, kwa hiyo ordineri inaitosha, na ukiipa super haitapanda mlima kwa haraka zaidi, umeipoteza tu. Motokari ile nyeusi ni ya Kiamerika, inabana sana. Ukiipa ordineri, esanse inachoka kubanwa, inawaka yenyewe kabla ya zamu yake. Kugonga unakokusikia ni huko. Gari ikiendelea hivyo kwenye mlima mrefu itatoboka pistoni, na kwa mukubwa utakuwa umeitoboa wewe.

Ninapoandika haya nasikia kamyo ya pamba tuliyoipanda kutoka Lubarika, mimi juu ya magunia na wale mama wenye vikapu. Kwenye vilima ulikuwa unatoa kichwa dirishani: "Nyamazeni huko juu, motere inaongea." Na yule mama wa nyanya akakujibu, "Iseme haraka, shofere, nyanya zangu zinaoza." Nakumbuka pia siku ya uhuru. Uliifunga kamyo matawi ya mgazi wa mawese mbele na nyuma, ukabeba kwaya nzima ya misheni hadi mjini, na njiani ukambeba na yule Mwislamu mwenye ngoma, wakaimba pamoja mpaka sauti zikakauka. Siku ile hakuna aliyeuliza shofere yuko upande gani. Natamani niipande kamyo ile tena, hata kama nitakalia gunia lenye panya.

Fanya hivi. Usimwambie mukubwa kwamba watu wake wamekosea. Mwambie gari hii ilizaliwa kwa wakubwa, tumbo lake halikubali chakula cha askari. Atalipenda neno hilo. Kisha nyonya ordineri yote iliyomo tankini, uipe kamyo, ambayo itaipokea bila kunung'unika, na motokari uijaze super tupu. Kama super imekwisha, nyuma ya hangari ya kuhifadhia pamba tuliacha, tulipokimbia, mapipa ya esanse ya ndege ndogo, ile yenye rangi ya kijani. Ichanganye na ordineri nusu kwa nusu. Inavumilia kuliko super. Ukikosa zote mbili, mwombe fundi aicheleweshe cheche kidogo, na wewe upande kwa vitesi ndogo, ya kwanza au ya pili, bila kukanyaga esanse mpaka chini. Ikianza kugonga, inua mguu.

Ijaribu kwanza kwenye kilima kifupi, mukubwa akiwa ndani, asikie mwenyewe kimya chake.

Lakini Baba, kama mmefika mwisho wa bonde na bado inagonga, usipande. Sema motere inataka maji, chukua bido ya kuchotea, shuka mtoni, na usirudi. Najua hujawahi kuliacha gari njiani. Liache.

Nisalimie Mama, mwambie tu kwamba ninakula. Msalimie shangazi mwenye duka la chumvi, na mjomba mkulima wa Lubarika, ambaye mlango wake uko karibu na mto kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mdogo wangu asiache shule, hata kama mwalimu hayupo.

Usiniandikie. Mpe Mama Zaina neno la mdomo. Ukilazimika kuja mwenyewe, vuka mto Ruzizi pamoja na watu wa soko, bila mzigo. Depo ina mageti mawili. Njoo kwenye lile la upande wa bandari, mchana, wafanyakazi wanapokwenda kula. Usilitaje jina langu, hapa natumia la babu mzaa Mama. Kaa kivulini na mashofere wanaongoja zamu. Usimuulize mtu chochote. Kila mchana mimi hutoka pale na kuwatazama nyuso, mmoja mmoja.

Ni mimi, mzaliwa wako wa kwanza.