Mwanga wa Kanisa Lisilokuwepo

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimedanganya tena.

Misa ilikuwa ndani ya hema, viti vya plastiki, joto kama ndani ya chupa. Niliporudi nyumbani Kambi Muru, Guku, nyanya yangu, alikuwa ameketi kitandani ananingoja, sikio limeelekea mlangoni. Swali ni lile lile la kila Jumapili: leo mwanga ulianguka wapi?

Macho ya Guku yaliisha miaka mitano iliyopita. Januari mwaka huu akateleza, akavunjika nyonga. Februari, akiwa bado wodini, wakabomoa kanisa letu la Mtakatifu Perpetua. Injinia alisema vyuma vya paa vimeoza kwa maji ya mvua. Siku mbili tu — kwisha! Baba akasema asiambiwe, kwamba atavunjika mara ya pili. Basi mimi humjengea kanisa kila Jumapili kwa mdomo.

Leo nikasema mwanga umeangukia tabenakulo, rangi ya asali. Nilisema vizuri hadi nikauona mwenyewe.

Guku akatikisa kichwa. Kisha akasema huo ni mwanga wa Krismasi.

"Juni jua liko upande wa kaskazini, mwana wange. Mwanga huenda kwa kwaya. Ulilala misani?"

Nikasema ndiyo, nilisinzia. Uongo juu ya uongo.

Kaka yangu Austin alikuwa nje anaosha viatu. Alicheka mpaka akakohoa. "Form Three, na hata kudanganya hujui!"

Jumanne, 3 Juni

Prep ya jioni, shuleni. Nimechora Perpetua nyuma ya kitabu cha Jiografia. Duara, karibu duara. Paa kama karatasi iliyokunjwa kunjwa, halafu imepasuliwa katikati — ule ufa mrefu wenye vioo vya manjano. Kuta za zege tupu, bila plasta, bila rangi. Wageni walikuwa wakiuliza, mtamaliza lini? Lilikuwa limemalizika tangu 1974!

Nimeishi ndani ya jengo lile kila Jumapili ya maisha yangu na sikuwahi kuliangalia. Nilikuwa naangalia viatu vya watu.

Katekista ameniambia fundi wa paa yu hai. Mzee Simeon, Kawangware. Nimeandika namba kwenye kiganja. Kupiga naogopa. Nitaenda tu.

Jumamosi, 7 Juni

Nilienda kwa miguu ili nipate muda wa kupanga maneno. Nilipofika yakaniishia yote, nikabaki nakodolea ukuta. Mzee Simeon ana ploti ya vyumba vya kupangisha na benchi mbele ya geti. Binti yake Wangoi akanitazama, akapaza sauti, "Baba, kuna msichana hapa amekuja kuangalia ukuta!"

Nikasema natoka Perpetua. Mzee akasogea akanipa nafasi kwenye benchi.

Alichukua mfuko mtupu wa simiti, akaukunja mara nane, tisa, akaufungua: paa! Paa letu, la karatasi, juu ya magoti yake. Akalichana katikati kwa kisu na kuliinua juani. Mstari mwembamba wa mwanga ukalala kwenye suruali yake. Akageuza mfuko kidogo kidogo: Machi hapa, Juni hapa, Desemba huku. Mwanga ukatembea kutoka paja moja hadi jingine. Nilisahau kuona haya.

Alinieleza kwamba bruda Mholanzi aliyechora lile kanisa alikataa plasta kabisa. Alitaka alama za mbao za kumwagia zege zibaki ukutani, hata vifundo vyake. Mafundi walidhani bruda ni bahili. Na zege la paa halisimami likishaanza kumwagwa. Kwa hiyo akina mama wa Kibera walipanga mstari tangu alfajiri, wakipitisha karai mkono kwa mkono juu ya ngazi za miti. Nikamwambia mzee kwamba Guku alikuwa mmoja wao.

"Yule Mmaragoli aliyeimba bila kunyamaza? Ngai! Tulimwomba apumzike, akasema nyinyi pumzikeni."

Nikamwambia yote mengine. Kwamba Guku hajui limebomolewa.

Mzee akakunjua mfuko, akaunyoosha kwa kiganja.

"Mimi walinipigia simu, nikaenda kuangalia wakibomoa. Nilikaa hapo siku zote mbili. Ni vile ilikuwa yangu. Na yeye si ilikuwa yake?"

Wangoi akanipa ndizi mbili za njiani.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Leo sikukosea. Nilimwambia mwanga ulianzia kwa soprano, ukapanda ukutani polepole, ukapita juu ya vifundo vya mbao kimoja kimoja, na kwenye mageuzo ulikuwa umefika kwa wapiga ngoma. Guku alifumba macho ambayo hayaoni. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya blanketi. Ukuta. Alikuwa anapapasa ukuta!

Ilikuwa tamu sana. Tulikuwa ndani, sote wawili.

Kisha akafumbua macho na kusema: Jumapili ijayo naenda mwenyewe.

Nimefanya nini.

Jumatano, 11 Juni

Guku ametembea kwa mkongojo hadi bombani na kurudi. Anacheka. Ametoa kitambaa chake cha chama cha akina mama, kimepigwa pasi. Baba anasema njia ni mbaya, nyonga, baridi, magari. Guku akamuuliza kama yeye ndiye daktari.

Jumamosi, 14 Juni

Nilimwosha miguu. Nikasema, "Guku, kanisa..." Akasema, "Eeh, kesho!" Nikapaka mafuta mguu mmoja mara mbili.

Baba ameketi nje, anazungusha kofia mikononi. Ameniambia nimwambie mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kusema. Mimi! Ambaye darasani huitwa Bubu.

Jumapili, 15 Juni

Tumefika mapema mno. Tulipumzika mara nne njiani. Austin alibeba kiti cha plastiki kichwani, kila tukisimama anakiweka chini na kusema, "Malkia, kaa." Guku amecheka njia nzima.

Sasa ameketi barabarani, mbele ya ngazi tatu zilizobaki. Nyuma ya ngazi ni sakafu tu, kubwa, ya kijivu, na majani yameanza kwenye nyufa. Baba amekwenda kule hemani kumtafuta padre. Naandika juu ya goti kwa sababu sijui mikono niifanye nini.

Guku alikohoa. Akakohoa tena, kwa makusudi, akasikiliza. Akasema leo sauti hairudi.

Nikamwambia. Hivi hivi, bila kupanga. "Limebomolewa, Guku. Februari. Mwanga wote ule nilikuwa natunga."

Hakulia. Alishika mkongojo. Upepo ulikuwa unachezea kitambaa chake na yeye ameuelekezea uso. Kisha:

"Mlango uko upande gani?"

"Hakuna mlango, Guku."

"Sikukuuliza kama upo. Nimeuliza uko upande gani."

Nilinyoosha kidole kumwonyesha, nikakumbuka haoni. Amesimama. Amenipa mkono, anangoja, na mimi bado naandika. Nafunga daftari, nimpeleke mlangoni.