Mkweo na Mashini ya Kusikiliza Udongo

Rumonge, mtaa wa Waswahili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, unakula vizuri, na kile kifua kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo iliyochoka, na anayeichosha ni mkweo Ramadhani.

Unamjua mume wangu: fundi wa nguo mwenye mkono mzuri na kichwa cha kuku. Tangu bendera ya Wabelgiji ishushwe, wazungu wanauza vitu vyao na kuondoka. Wenye akili wamenunua vitanda, baiskeli, mabati. Ramadhani alikwenda Bujumbura kutafuta uzi, akarudi na mashini ya askari ya kutafutia mabomu. Ni mpini mrefu wenye sahani chini, sanduku la betri la kubeba mgongoni, na vitu viwili vya kuvaa masikioni. Ikipita juu ya chuma, inalia. Nikamwuliza ni bomu gani limezikwa hapa Rumonge. Akasema ni mchezo tu, starehe ya mtu mzima baada ya kazi. Sasa mchezo ndio kazi. Sikukuu imekaribia, na kanzu za watoto wa watu zimelala juu ya cherehani hazina mikono.

Mgiriki aliyemwuzia alimfundisha aanze nyumbani: azike sarafu uani, aujue mlio wake. Akazika, kisha akasahau alipozika. Akawa anazunguka uani masikio yamezibwa, namwita chakula hasikii. Mwishowe kuku ndio waliomfukulia.

Akahamia ufukweni, wanapoanika ndagala, dagaa wa huku, eti pete huwatoka watu wakioga. Alileta ndoano zenye kutu, mikanda ya mapipa ya mawese na kopo la samaki, akavipanga dirishani kama vyombo vya harusi. Jioni wanaume wenzake huja kuvitazama na kuzungumzia rupia za fedha ambazo Wadachi, wale Wajerumani wa zamani, walizika walipokimbia vita. Mdachi anafukuzwa kwa risasi, halafu asimame Rumonge achimbe shimo! Watu wenye ndevu, mama, wanatikisa vichwa: "Iko, iko. Haiwezi kukosa."

Kisha akaingia viwanja vya watu. Adabu anayo, alibisha hodi akaomba ruhusa, na kila shimo alilifukia. Kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, yule anayetuambia hirizi ni ushirikina, mashini ililia mlangoni, ikatoka misumari iliyofungwa kwa kitambaa chekundu. Kwa shemasi aliyetoka Uvira, anayewafokea wapagani kila Jumapili, kikatoka kisu ndani ya pembe. "Ni ya watu walikuwaka hapa mbele yetu," akasema mke wa shemasi. Nyumba hiyo waliijenga wenyewe, kwenye kichaka kisichowahi kukaa mtu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtaa mzima unasali, na mtaa mzima umezika chuma mlangoni.

Majirani wakachukia. Mmoja akaja kumwambia, "Ramadhani, acha milango ya watu. Anza na mulango yako!" Na yeye kwa kiburi akavaa mashini yake pale pale, watu wakitazama, mama yake, mkwe wangu, amekaa mkekani.

Ikalia kizingitini.

Akachimba. Kikatoka kipande cha kaniki, na ndani yake kufuli la shaba limefungwa. Mama mkwe akapiga yowe. "Ndiyo hii! Ndiyo inafungaka tumbo ya muke wako! Miaka yote tunangojea mutoto!" Akasema kufuli la namna hiyo halivunjwi, hufunguliwa kwa ufunguo wake tu. Mwanamke asiyejua hata dawa ya kikohozi, siku hiyo akawa mganga mkuu. Ramadhani akanitazama. "Kama imetoka mu upande yenu," akasema, "utarudi Ujiji." Akaniuliza kama nalifahamu. Nikasema silijui.

Nalijua, mama. Ni kufuli la sanduku lako la nguo, lile lenye mkwaruzo wa msumari ubavuni. Nimelishika tangu nikiwa mtoto. Ulipokuja kututembelea baada ya harusi ulisema limepotea melini. Najua ulichotaka kufunga: miguu ya Ramadhani, asiniletee mke wa pili. Najua ulifanya kwa kunipenda. Lakini umenisimamisha mbele ya watu nikasema uongo, mimi niliyewacheka majirani. Nyani haoni kundule. Nimekukasirikia, mama, na mtoto namtaka kuliko wao wote.

Kufuli liko juu ya kabati. Wale mashujaa wa rupia hakuna anayethubutu kuligusa, hata mwenye mashini yake.

Nisalimie baba mdogo muuza samaki, na shangazi aliyenilea. Mdogo wangu Mwanaidi mwambie akija kuposwa na fundi, amwangalie kwanza masikioni. Barua hii anakuletea mfanyabiashara wa mawese, mtu anayejua kunyamaza. Akishauza mafuta yake hapo Ujiji atarudi huku.

Mambo ya kufuli mimi siyaamini. Ni upuuzi wa watu wa huku, na wa huko kwetu pia. Lakini mama, mpe huyo mtu ufunguo aniletee.

Mwanao,
Hidaya